Mikono Isiyojua Moto

4 Juni

Mdogo wangu Machozi,

Najua utaigeuzageuza bahasha hii kabla ya kuifungua. Miaka sita sijakuandikia, tangu tulipoagana shingo upande baada ya mazishi ya baba. Basi hayo tuyaache. Sisi wazima. Duka lipo, tanuri linawaka, wateja wanasukumana kwenye foleni na kulalamika kwamba mikate imepungua unene. Mke wangu anakusalimu. Anauliza kama huko ughaibuni unakula chakula cha maana au bado unaishi kwa chai.

Nakuandikia kwa ajili ya Punje. Yule binti yangu uliyemwacha akitambaa chini ya meza ya kukandia unga, tarehe thelathini Agosti anatimiza miaka saba. Maana yake unaijua. Atasimama mbele ya tanuri kama nilivyosimama mimi, na baba, na babu kabla yetu. Atachomoa kopo la mkate wa kwanza kwa mikono mitupu, atatembea nalo hatua kumi na moja hadi kaunta, ataliweka bila kulitupa. Kibao cha babu bado kipo juu ya mlango, nimekipaka rangi upya: MIKONO ISIYOJUA MOTO.

Na huyu atatia fora, nakuambia. Mwezi uliopita muuguzi alikuja shuleni kwao kuwachoma sindano. Darasa zima lilikuwa kilio kitupu. Punje aliitazama sindano ikiingia kama anamtazama mtu akitunga uzi, kisha akamuuliza muuguzi, "Tayari?" Na mwanzoni mwa mwaka alikalia sufuria la moto tulilokuwa tumelitua chini, na aliyepiga ukelele ni mama yake. Mtoto akasema, "Mama, mbona unalia? Mimi sijambo." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Huyu ni wangu, hakuna wa kubisha.

Njoo, Machozi. Hakuna atakayekukumbusha yale ya kwako. Mimi nitakukumbusha, lakini kidogo tu: jinsi ulivyoliachia kopo hatua ya pili, mkate ukabingirika mpaka miguuni kwa fundi viatu, na wewe ukalia mpaka tukafunga duka. Baba alikupa jina siku ileile, na wiki iliyofuata akakupeleka shule kwa sababu jikoni hukufaa. Leo msomi ni nani? Ungeushukuru ule moto.

Bado unafuga nzi?

Kaka yako,
Chuma


15 Juni

Kaka yangu Chuma,

Barua yako imenifikia jana, siku kumi njiani. Niliisoma nimesimama mlangoni na koti la maabara mwilini, nikacheka, kisha nikairudia nikiwa nimekaa.

Ndiyo, bado nafuga nzi. Cheka umalize. Wale wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva mno. Ninao kama elfu arobaini, kwenye chupa zilizozibwa kwa pamba, chumba cha ghorofa ya tatu ambacho joto lake halibadiliki kiangazi wala baridi. Kila Jumatatu nawapikia uji wa unga wa mahindi, molasi na hamira. Hamira, kaka! Baba alidhani amenifukuza jikoni, kumbe ukoo wetu hautoki kwenye hamira hata ukivuka bahari. Wewe unawalisha watu, mimi nawalisha nzi, na wangu hawalalamiki.

Nimefurahi kwamba Punje anakua. Nimefurahi kweli, usinisome vibaya. Lakini nina maswali, na ninaomba unijibu vizuri, usinijibu kwa mzaha kama kawaida yako. Je, Punje akiwa amelala na joto limezidi, anatokwa jasho? Kidonda cha lile sufuria kilichukua siku ngapi kukauka? Ameshaugua homa kali bila watu kujua imeanzia wapi? Na baba: nilipofika mlikuwa mmeshamzika, na sikupata ujasiri wa kuuliza. Alianzaje? Na babu je?

Nauliza kwa udadisi tu. Ni tabia ya kazi, mtu akishinda anahesabu nzi waliokufa huanza kuhesabu kila kitu.

Na ile siku ya tanuri, huwezi kuisogeza mpaka mwakani? Ningependa kuwepo, na mwaka huu likizo yangu ni finyu.

Nawapenda nyote. Mwambie wifi bado naishi kwa chai.

Machozi


26 Juni

Mdogo wangu,

Maswali yako ni kama ya karani wa bima. Hata hivyo nitakujibu, maana nimefurahi umeandika.

Mtoto hatoki jasho. Kidonda cha sufuria kilikaa wiki tano na kilitoa usaha, mama yake akakisafisha kwa maji ya chumvi kikapona. Homa aliipata mwaka jana, ya kidole kilichochomwa na kijiti cha ufagio; akalazwa siku tisa, daktari akatikisa kichwa, lakini akatoka. Mtoto wa tanuri huyo, hang'oki upesi.

Baba aliingiwa na kibanzi cha kuni chini ya ukucha. Hakukijua mpaka kidole kilipogeuka rangi. Siku ya pili alikuwa anakanda unga na kuimba. Siku ya nne alitetemeka. Ya sita tukamfunika. Babu ilikuwa mwiba, nasikia, kwenye kisigino. Na baba mdogo, kama umesahau, lilikuwa jino. Ndivyo tulivyo: moto hatuuogopi, lakini kitu kidogo kikituingia tunaondoka haraka. Mama alikuwa akisema wanaume wa nyumba hii hawana subira hata ya kuugua.

Sasa na mimi nikuulize. Kwa nini unataka kujua haya? Mke wangu alisoma barua yako akairudia, na unajua yule harudii kitu bure. Kama kuna kitu, sema. Kuhusu kusogeza siku, haisogezwi. Nimeshawaambia wateja. Punje mwenyewe anafanya mazoezi, anatembea hatua kumi na moja na kopo tupu, anaweka, anainama kama mtu aliyetuzwa. Ungemwona ungesahau nzi wako wote.

Chuma


6 Julai

Kaka,

Nimekaa na barua yako siku nzima. Profesa wetu ana sheria moja anayoirudia mpaka inachosha: usimtishe mtu kwa jambo ambalo hujalipima. Kwa hiyo nitakueleza nifanyacho kazini, na wewe usikie.

Nina aina moja ya nzi tunaowaita Ganzi. Ukimgusa funza wa nzi wa kawaida kwa ncha ya sindano ya moto, anabingirika hapohapo kuikimbia. Funza wa Ganzi anaendelea kula. Unaweza kumgusa mpaka ngozi ikabadilika rangi, yeye anakula tu. Wanafunzi wapya huwaona hodari sana. Na mimi nilipoanza niliwapenda, walinikumbusha nyumbani.

Halafu tunawachoma nzi wakubwa kwa sindano nyembamba iliyochovywa kwenye vijidudu vya kawaida, vile vilivyojaa kwenye udongo na kwenye ngozi zetu. Nzi wengine huugua kidogo wakapona. Ganzi siku ya kwanza wanaruka. Ya tatu wanaruka. Ya sita chupa inakuwa kimya, wote wamelala chini juu ya uji.

Walichokosa ni kitu kimoja tu: jeni moja, agizo moja kati ya maagizo tunayorithi kwa baba na mama. Agizo hilo lina kazi mbili. Linaiambia mishipa ya fahamu kwamba kuna moto, na linawaambia walinzi wa mwili kwamba kuna adui ameingia. Likiharibika, kengele haigongi kokote. Na agizo hilo, kaka, halikuanzia kwa nzi. Panya analo, samaki analo, binadamu analo, karibu herufi kwa herufi. Limevuka muda wote huo bila kubadilika kwa sababu hakuna kiumbe anayeweza kuishi vizuri bila hilo.

Labda ninakosea. Labda baba alikuwa na bahati mbaya tu. Ndani ya bahasha hii nimeweka vijiti viwili vyenye pamba. Kimoja sugua ndani ya shavu lako, kingine la Punje, vikaushe, nirudishie. Hakiumi. (Nimeandika hivyo nikacheka peke yangu, kicheko kibaya.)

Na tafadhali, Punje asilishike kopo lile. Kwa jina la mama nakuomba.

Mdogo wako


17 Julai

Machozi,

Nimeisoma barua yako mbele ya tanuri na kidogo niitupe humo.

Kwa hiyo baba yetu alikuwa nzi. Babu nzi. Mimi nzi mkubwa na binti yangu funza. Umevuka bahari, ukakaa miaka yote hiyo kwenye chumba kisicho na dirisha, na hicho ndicho ulichotuletea. Unajua ninachokiona? Namwona msichana wa miaka saba aliyeliangusha kopo na hajasamehe mpaka leo. Hukuweza, sasa unataka asiweze mwingine. Imenikata maini, nakuambia wazi, kwa sababu nilidhani tumeyamaliza.

Baba alisimama kwenye tanuri lile miaka arobaini na mbili. Mikono ile ndiyo iliyokulipia shule. Aliyekufa hawezi kujitetea, kwa hiyo nitamtetea mimi. Punje atatoa mkate wake wa kwanza tarehe thelathini, na mimi nitasimama nyuma yake, na duka zima litapiga makofi mpaka uyasikie huko.

Vijiti vyako nimeviweka. Sitasugua shavu la mtu.

Mke wangu ananiambia nisiandike nikiwa na hasira. Nimeshaandika. Pia ananiambia nikae nipumzishe mguu, maana Jumatatu nilikanyaga msumari wa kreti la unga na nikatembea nao siku nzima ndani ya kiatu bila kujua, mpaka usiku nilipovua soksi. Umevimba kidogo, kiatu hakiingii, nimevaa ndara. Wanawake mnapenda kukuza mambo. Hauumi hata chembe.

Chuma


27 Julai

Kaka,

Nimetuma telegramu asubuhi hii na hii barua inaifuata. Nimepiga simu duka la dawa la jirani yenu mara nne, laini imekufa.

Nenda hospitali leo. Usingoje maumivu, hayatakuja. Mwambie daktari umechomwa na msumari, umeuacha mguu bila dawa siku nyingi, na katika ukoo wetu vidonda vidogo vinaua. Mwambie akupe dawa ya mshipani, si vidonge. Akikucheka, mpe barua hii aisome mwenyewe.

Nitukane utakavyo. Niite Machozi mbele ya duka zima. Fanya mkate wa kwanza kila siku ukitaka, lakini nenda leo.

Wako


2 Agosti

Wifi yangu,

Telegramu yako ililetwa tarehe thelathini. Mwenyewe tulikuwa tumemzika tarehe ishirini na mbili. Nakuambia tu ili ujue hukuchelewa kwa uzembe. Siku ulipoandika alikuwa ameshaondoka.

Alianguka Jumamosi, siku ya sita tangu msumari. Ijumaa aliipeleka barua yake posta kwa mguu huohuo na akarudi akichechemea, si kwa maumivu bali kwa uzito. Nilimwambia twende hospitali, akaniambia tanuri likipoa litapasuka. Asubuhi yake aliniita nimfunike kwa sababu anasikia baridi, na tanuri linawaka hatua mbili kutoka kwake. Mpaka gari lilipopatikana alikuwa anamtania dereva kwamba anaendesha kama anabeba mayai. Kisha akanyamaza. Nilijua hapo, kwa sababu kaka yako hakuwahi kumwachia mtu neno la mwisho.

Hakulalamika hata mara moja, wifi. Ndiyo inayonitia kichaa. Kama angesema "aa" mara moja tu ningembeba mgongoni.

Jana nikifungua mkebe wa hamira nimekuta bahasha yenye anwani yako. Ndani kuna vile vijiti viwili, na karatasi. Sijui aliandika lini, nadhani ni Ijumaa ileile baada ya kutoka posta. Nakunakilia, karatasi yenyewe naomba nibaki nayo:

"Machozi, ile barua niliyotuma leo ni ya hasira, usiisome mara mbili. Nimesugua mashavu yote mawili. Punje amecheka. Pima. Kama ni kweli, usimwambie mtu dukani, kibao kile ni cha babu. Niambie mimi tu, nitajua la kufanya. Ulipoliangusha lile kopo nilikuonea wivu, kwa sababu ulikuwa na kitu cha kulilia. C."

Vijiti hivi hapa. Sasa yeye hayupo wa kuambiwa, kwa hiyo niambie mimi. Mwanangu naye anao huo ugonjwa? Usinizungushe, wifi. Sina cha kushikilia ila huyu mtoto. Usiku silali, nasikiliza anavyopumua.

Wifi yako


13 Agosti

Wifi yangu mpenzi,

Sijui niandike nini ambacho wengine hawajakuambia. Niliposoma barua yako nilikaa sakafuni katikati ya chupa zangu na nikalia kwa sauti, mpaka Profesa akaja kuuliza kama nimejikata. Nimestahili jina langu.

Vijiti vimefika salama. Kupima kunachukua wiki nne, hakuharakishwi hata ukipiga magoti. Kwa hiyo swali lako kwa leo sina jibu lake. Huo ndio ukweli. Mtoto mmoja hurithi, mwingine harithi, kama sarafu iliyorushwa hewani. Mimi nilizaliwa nyumba ileile na ninasikia kila kitu. Usijiue kwa mawazo kabla ya wakati. Lala, kula, muuze mkate kama mnaweza. Kitu kimoja tu nakuomba kwa unyenyekevu: ile siku ya tanuri, tarehe thelathini, isifanyike. Sema ni kwa sababu ya msiba, watu wataelewa.

Nimemwandikia Punje karatasi yake ya peke yake, imo humu, imefungwa. Ni mchezo tu wa shangazi na mtoto. Mpe mwenyewe aifungue, atajiona mkubwa.

Wifi yako


13 Agosti

Punje wangu,

Mimi ni shangazi yako, yule wa nzi. Baba alinieleza kwamba wewe ni hodari, kwa hiyo nina kazi ya hodari ninayotaka kukupa. Kuanzia leo wewe ni Mkaguzi. Kila jioni, ukishaoga, chukua kioo kidogo ujikague kuanzia nyayo: katikati ya vidole vya miguu, visigino, magoti, viganja, ndani ya mdomo. Tafuta chochote chekundu, kilichovimba, kilichochubuka au chenye maji. Kichore kwenye daftari na uandike siku.

Ukiona kitu, niandikie mimi kwanza, maana mimi ndiye mkubwa wa Wakaguzi. Mama ana huzuni sana siku hizi, tusimwongezee ya kumtisha. Hii ni siri yetu ya kazi.

Na tanuri usiliguse mpaka nije. Ahadi?

Shangazi


11 Septemba

Wifi,

Majibu yametoka. Nimepata ruhusa, nimepata na tiketi: nitaondoka hapa tarehe ishirini na sita na tarehe ishirini na nane nitakuwa mlangoni kwako. Nitayaleta mwenyewe mkononi. Kuna mambo hayakai vizuri kwenye karatasi, yanataka watu wawili na meza, na ninataka tuyazungumze tukiwa tumeshikana mikono. Usitafsiri kimya changu kwa ubaya. Kuna mengi ya kufanya, na yanafanyika. Wapo watu wanaozeeka nayo, kinachotakiwa ni macho ya kuwatazama.

Nakuja na mzigo wa dawa za vidonda, soksi nene na glavu za mtoto.

Umesema Punje anakagua kila jioni na hataki uangalie daftari lake. Mwache tu. Anafanya kazi nzuri.

Siku kumi na saba si nyingi. Nivumilie.

Wifi yako


17 Septemba

Kwa Shangazi Mkubwa wa Wakaguzi,

Shikamoo. Mimi sijambo. Mama hajambo lakini analia akipanga makopo.

Nimekagua kila siku kama ulivyoniambia na daftari limefika katikati. Nilikuwa sioni kitu, naandika "hakuna" na tarehe. Sasa nimeona, ndiyo maana naandika.

Shangazi usikasirike. Siku yangu ya kuzaliwa mama hakuniruhusu mkate wa kwanza na watu walirudi nyumbani. Fundi viatu alisema pole. Nikafikiri baba atasema mimi ni kama shangazi (samahani). Basi Jumapili mama alikuwa kwenye kaunta, wateja wengi, nikaingia nyuma nikafungua tanuri nikachomoa kopo mwenyewe. Nilitembea hatua kumi na moja, nilizihesabu kwa sauti ndogo. Sikulitupa. Nililiweka juu ya meza ya unga chini ya picha ya baba nikainama. Hakuna aliyepiga makofi kwa sababu hakuna aliyeniona. Sikulia, shangazi. Sikusikia kitu.

Najua nilikuahidi. Nimevunja mara moja tu.

Jioni nikakagua. Kiganja cha kulia kilikuwa cheupe na kina maji. Nimekichora kwenye daftari. Jumatatu maji yakatoka. Jumanne pakawa pa kijani kidogo na panene, sikujua rangi ya kutumia. Jana umetokea mstari mwekundu kama wa kalamu, unatoka kiganjani unapanda mpaka kwenye kiwiko. Mwanzo nilidhani nimejichora mwenyewe nikausugua kwa sabuni lakini hautoki. Leo umepita kiwiko. Nimeuwekea alama ya nukta ulipoishia ili kesho nione umetembea kiasi gani, kama Mkaguzi wa kweli. Chini ya kwapa kuna kitu kigumu kama punje, nimecheka kwa sababu ni jina langu.

Mkono nimeufunga kwa leso ya baba. Mama ameiona akanikumbatia, anafikiri ni ya kumkumbuka baba. Asubuhi alinigusa paji la uso akasema nina joto kama nimelala juu ya tanuri, akanipa maji. Mimi nasikia baridi tu.

Nakutumia ukurasa wenye mchoro. Leo ni siku ya tano. Mtu wa posta amesema barua itafika kwako tarehe ishirini na saba.

Hauumi kabisa. Sijamwambia mama, kama ulivyosema.

Mkaguzi wako,
Punje